Miti ya Chemchemi na Mashairi Yenye Mikuki

Kwa nini mshairi akitazama mti huanza kutafuta mkuki? Mwanangu, swali hili nilitoka nalo chuo kikuu, nimelifundisha mpaka mvi zimeanza kunitoka, na jibu sijalipata. Juzi ulinionyesha shairi lako ambamo mvua ya mawe inayapiga mahindi mabomu. Nilishusha pumzi. Mashairi ya namna hiyo yamenichosha, na la kwanza kunichosha lilikuwa langu mwenyewe.

Naikumbuka vizuri alasiri ile ya miaka ya mwanzo ya uhuru, upande wa Yamumbi, nje ya Eldoret. Kikundi chetu kilikuwa kimenunua shamba la mzungu, na wenye hisa walikutana kuamua kama miti ya mitarakwa iliyozunguka chemchemi ikatwe ili nafasi ya kulima iongezeke. Chemchemi nyingine hatukuwa nayo. Mimi, mwalimu kijana mwenye shahada mpya, nilitaka miti ibaki. Rafiki yangu Barasa, karani wa mjini aliyetoka magharibi, alitaka ikatwe. Kila mmoja wetu alikuja na shairi.

Barasa alitangulia: jeshi la miti limejipanga, mashoka yetu yatalivunja. Wakapiga makofi. Nikafuata na langu: ukuta wa kijani umezingirwa, chemchemi yalia ndani ya boma. Nilitarajia huruma.

"Basi kesho tuuvunje huo ukuta," akasema mtu wa nyuma, na mkutano mzima ukashangilia.

Barasa akaninong'oneza, "Asante, Mwalimu. Langu halikuwachemsha hivyo."

Mwenyekiti wetu, Mzee Chumo, alinitazama kama mtu aliyechoshwa na mtoto. "Kijana, hawa wamengojea shamba hili maisha yao yote. Umewapa vita, halafu unataka washindwe?"

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa sahihi. Katika shairi la Barasa msitu ulikuwa adui; katika langu ulikuwa mwenye kuonewa. Nilidhani tofauti hiyo inatosha. Lakini yote mawili yalikuwa na ukuta na watu walio nje yake, na wasikilizaji wangu walikuwa wamesimama nje ya ua wa mzungu miaka mingi. Wangechagua upande gani?

Nikakunja karatasi. "Miti ikiisha, maji yataisha. Kiangazi cha Januari mtawanywesha ng'ombe nini? Hili shairi?"

"Na sisi tutachota wapi?" akauliza Mama Jeruto, mmoja wa wenye hisa.

"Sasa umesema," Mzee Chumo akaniambia. "Si ungeanzia hapo."

Ikaamuliwa miti ibaki, na pazungushiwe seng'enge.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujaupa mti ngao, jiulize msomaji wako atataka kuwa nani katika vita hivyo. Mabomu yako yanavutia hata yule asiyejali mahindi. Hatari ya kweli itaje kwa jina lake: mvua imepiga, ghala ni tupu, watoto watakula nini. Mungu akupe jicho lisilo na haraka, na maneno yako yamfae mtu mwenye kiu.

Asubuhi iliyofuata mkutano ule tulikuwa chemchemini. Barasa alishika nguzo huku akilalamikia viatu vyake vya ofisini, nami nikapigilia misumari. Tulizungusha seng'enge, tukaacha mlango wa kupitia kina mama.