Masahihisho ya Ulimi

Darasa la pili nililokabidhiwa lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini na ubao mmoja ulioegemezwa ukutani. Shule yenyewe ilikuwa katika kijiji cha ujamaa upande wa Igamba, kati ya mashamba ya kahawa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mmoja wa wale walimu wa haraka haraka, tuliojifunza kufundisha huku tayari tunafundisha.

Siku ya kwanza niliwasomea imla, sentensi moja tu: Bibi analima mahindi. Nikamwita msichana wa dawati la mbele aje kuiandika ubaoni. Alikuwa na miaka minane hivi, meno ya mbele yamemng'oka. Aliandika vizuri, mwandiko wa kupendeza, ila alianza kwa herufi ndogo na hakuweka nukta.

"Vizuri," nilimwambia. "Sasa bibi anaanza na herufi gani? Sahihisha."

Akaweka chaki chini. Akashika kingo za ubao kwa mikono miwili, akajiinua kwa vidole vya miguu, akatoa ulimi na kuilamba ile herufi.

Nilidhani ni njaa. Nilishaona watoto wanaokula udongo.

"We! Unafanya nini?"

Aligeuka, ulimi mweupe, mate yenye chaki yakimteremka kidevuni. "Nafuta, mwalimu."

Nilitegemea darasa zima licheke. Hakucheka hata mmoja. Mtoto wa nyuma akanielewesha kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Ukikosea unafuta kwa ulimi, mwalimu. Ndivyo alivyotufundisha mwalimu mkuu."

Ndipo nilipoutazama ule ubao vizuri. Sehemu ya chini, usawa wa midomo ya watoto, kulikuwa na utando uliokauka, unang'aa, umepakwa juu ya utando mwingine. Nzi walikuwa wametulia pale. Darasani kulikuwa na watoto wenye mafua, wenye kikohozi, mmoja ana vidonda pembeni mwa mdomo, na wote walikuwa wamelamba mahali pamoja kwa mwaka mzima. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya darasa, nikatema mate mpaka koo likakauka.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mzima wa makamo, mtaratibu, shati lake limepigwa pasi hata kwenye mikunjo ya mikono.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

"Marahaba, binti. Darasa linaendaje?"

Nikamweleza nilichokiona. Hakushtuka wala hakukana.

"Dasta hatuna," alisema. "Na mtoto akishaonja kosa lake, halirudii. Nenda kayatazame madaftari yao, kisha uniambie kama wenzako wana darasa kama lile."

Akamwita mkewe atuletee chakula, maana nyumba yake ilipakana na ofisi. Ugali ukaja, na maharage. Nikanawa, nikala naye sahani moja, nikasema asante. Nimewahi kujitetea kwamba nilikuwa mdogo na mgeni, lakini lile tonge bado linanichefua.

Madaftari niliyatazama. Kweli, hapakuwa na kosa. Baba analima. Mama analima. Mimi ninalima. Ukurasa baada ya ukurasa, daftari baada ya daftari, sentensi zilezile za maneno mawili. Hawakuthubutu kuandika kitu wasichokuwa na hakika nacho.

Nilikata kipande cha blanketi langu, nikakitundika kwenye msumari kando ya ubao pamoja na kopo la maji, kisha nikausugua ubao kwa majivu mimi mwenyewe. Nikawaambia kwamba kuanzia siku ile, kwenye daftari, anayekosea apige mstari mmoja juu ya neno na aandike jingine mbele yake, basi. Wiki mbili hawakuniamini. Halafu yule msichana akaniletea daftari lenye habari ya mbuzi wao aliyeingia shamba la kijiji akala maharage mwenyekiti akaja juu baba akajificha mama akasema mbuzi si wetu, yote hiyo bila nukta hata moja.

"Isome kwa sauti," nilimwambia, "na usivute pumzi mpaka uone nukta."

Alisoma mpaka macho yakawa mekundu. Alipofika kwenye neno mama pumzi ikamwishia, akakohoa, na darasa likacheka, yeye akiwa wa kwanza. Kisha tukazitafuta nukta pamoja, kila alipohitaji pumzi tukaweka moja. Daftari lake lilijaa mistari ya kukata.

Siku ya mkutano wa wazazi mwalimu mkuu aliyabeba madaftari hayo mbele ya watu wote. Akafungua moja, akalining'iniza kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Tazameni uchafu huu."

Mama wa yule msichana alilipokea, akalifunua taratibu. "Mwaka jana alikuwa anaandika safi," alisema.

"Mama, mwaka jana alikuwa analamba ubao," nilimjibu.

"Tulijua, mwalimu. Lakini alikuwa hakosei."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimetegemea watashtuka, watasimama, watafoka. Walikuwa wakijua siku zote, na jioni waliwapokea watoto wao wenye ndimi zilizokakamaa kwa chaki, wakawapa chakula.

Darasa likarudishwa kwa mwalimu mkuu, mimi nikapewa kusimamia shamba la shule. Kipande cha blanketi nilikikuta kimetupwa nje, kwenye matope. Wiki ileile nilipita dirishani na jembe begani. Yule msichana alikuwa ubaoni, amesimama kwa vidole vya miguu. Aliniona. Akasita kidogo, kisha akaendelea, nami nikaenda shambani, kwa sababu watoto wa darasa la sita walikuwa wakinisubiri tupalilie.

Muhula ulipokwisha niliomba uhamisho, nikapelekwa upande wa Isongole. Katika barua yangu niliandika kwamba naomba kuondoka kwa sababu ya ugonjwa wa mama. Mama yangu alikuwa mzima kabisa.