Kibali cha Kuingia Msituni

Watu wa Ipuli, hapa Tabora, walisema sitafika popote. "Na stashahada ile ya sheria? Atagonga mihuri mpaka aote mvi." Leo stashahada hiyo nimeitundika sebuleni, juu ya shahada ya uzamivu, ili kila mgeni aanze kuiona hiyo. Mimi ni profesa mstaafu wa sheria, na sikubebwa na mtu.

Siku ya kwanza kazini, kwenye ofisi ya sheria ya halmashauri, Mwanasheria wa Halmashauri, mama mmoja mkali, alinitazama juu mpaka chini.

"Sheria ndogo ni nini?"

"Ni sheria inayotungwa na halmashauri, mama."

"Hiyo ni ya kwenye mtihani. Twende sokoni ukaone inavyomkuta muuza karanga."

Huko ndiko nilikoipata taaluma yangu. Bunge hutunga sheria kwa maneno mapana, kisha waziri hutunga kanuni za kuitekeleza. Mwananchi hakutani na Bunge. Anakutana na kanuni, getini, mkononi mwa askari. Nikaisomea elimu hiyo Dar es Salaam, kisha ughaibuni, nikarudi kufundisha kile ambacho wenzangu walikidharau.

"Ndugu yangu, achana na vibali na leseni," Mkuu wa Kitivo aliniambia. "Shika katiba upate jina."

Sikumsikiliza, na jina nililipata. Wizara ziliniita nizipitie rasimu zao, na mawaziri walisimama nilipoingia.

Sasa niseme linaloniuma. Baba mdogo Mihayo, aliyenilea Itetemia, alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome, urithi kutoka kwa babu, ilikuwa msituni mbali, kupita Goweko. Kila msimu yeye na wenzake walihamia huko na kupiga kambi kwa majuma mengi. Kwetu warina wengi huishi hivyo: nyumba huku, mizinga kule. Ikatoka kanuni mpya kwamba kibali cha kuingia hifadhi kitatolewa kwa mkazi wa kijiji kinachopakana na msitu. Aliyeiandika alidhani mizinga hukaa nyuma ya nyumba ya mwenyewe.

"Profesa," baba mdogo alinipigia simu, "wamenirudisha getini. Eti mimi ni mgeni kwenye mizinga ya baba yangu!"

Niliandika hoja ambayo hakuna aliyeweza kuipangua. Mkurugenzi wa Sheria wizarani aliisoma mbele yangu.

"Uko sahihi kabisa, Profesa. Tutaiingiza kwenye marekebisho."

Marekebisho yana njia yake: rasimu, maoni ya wadau, sahihi ya waziri, kisha Gazeti la Serikali, maana kanuni isiyotangazwa humo haina nguvu. Waziri akabadilishwa, tukaanza upya. Mkurugenzi akastaafu, tukaanza upya. Kila msimu wa asali baba mdogo alipiga simu kuuliza. Halafu akaacha kuuliza.

Kanuni ilipotangazwa nilikuwa nimeshastaafu na kurudi Tabora. Nilikwenda Itetemia nimevaa suti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Profesa. Suti hiyo, kuna msiba?"

"Tumeshinda, baba!" Nikamsomea: mwenye mizinga anaingia msituni, popote anapoishi. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Umewapiga kweli," akacheka. "Sasa niende na nani? Kasanda, mwenzangu wa kambi, tumemzika. Maganga yuko kwenye tumbaku, na miguu yake imekwisha. Kurina ni watu wawili, mmoja juu ya mti, mwingine chini na kamba na moshi."

"Nitakwenda mimi."

"Utapanda?"

Nikaitazama suti yangu.

"Basi utakaa chini. Moshi wa kutuliza nyuki unaujua? Ukikosea, nyuki watanishusha kabla ya kamba."

Hilo nalo sikulijua. Katika umri ambao vijana wenzangu walifundishwa moshi, mimi nilikuwa nasoma, na yeye ndiye aliyenisukuma nisome.

Wanafunzi wangu wametapakaa wizarani, na bado wanajivunia kwamba niliwafundisha. Najivunia pia. Lakini darasani niliwafundisha kupima kanuni kama ni ya haki, sikuwahi kuwauliza anayeisubiri ana umri gani.

Kibali kilitoka, halali, kwa jina la Mihayo. Msimu ule asali ya kutia kwenye chai yake nilimnunulia sokoni.