Mto Uliorudishiwa Kona Zake

Hivi nyie mshawahi kuona watu wazima wanapinda mto kwa makusudi? Mimi nimeona, kwa macho haya haya, huko Guangzhou, China!

Safari ililetwa na maneno ya watu. Mjukuu wangu Aneth alikwenda kule kusomea mambo ya maji, akamaliza, akapata kazi huko huko, habari ya kurudi kimya. Majirani wakaanza: "Bibi, huyo ndio basi tena." Na huku kile kijito chetu, si mnakumbuka tulivyokinyoosha wenyewe kwa majembe? Kila masika kinakuja mbio kinabeba migomba yangu ya ukingoni. Nikasema namfuata. Mwenyewe akanitumia tiketi.

Asubuhi ndege ikatua uwanja wa Baiyun. "Shikamoo bibi!" Aneth kanikumbatia mpaka kilemba kikadondoka! Tukapanda treni ya chini ya ardhi, nimeng'ang'ania bomba, Wachina wananitazama, na mimi nawatazama.

Kesho yake, Xintang, kwenye maduka ya suruali za jinzi. Nilitaka jinzi la babu yenu. Kila duka nikionyesha kiuno chake kwa mikono, muuzaji anacheka, "Meyo!" Maana yake hakuna. Neno tamu, nikaliweka.

Tulipotoka huko akanipeleka kazini kwake. Kamto kembamba katikati ya maghorofa, zamani walikajengea zege huku na huku, kakanyooka kama rula. Sasa katapila linavunja zege, watu wanapanga mawe, wanachimba kona.

"Aneth, nimeuza ndizi usome, ndio uje kupinda mto ulionyooka?"

"Bibi, maji ukiyanyooshea njia yanafanyaje?"

"Si yanakimbia."

"Yakikimbia?"

Nikaiona migomba yangu ya nyumbani inavyobebwa.

Akanipeleka walikomaliza. Weee! Maji yanatembea polepole kama mtu katoka kanisani, majani yameota, bata wanaogelea. Na mafundi wenye mvi wanaita, "Aneth! Aneth!" Jiwe haliwekwi mpaka yeye anyooshe kidole. Huyo niliyembeba mgongoni! Nilitembea pale kifua mbele kama mto ni wa kwangu.

Akaja bosi wao, wanamwita laoban. Aneth akanitafsiria huku anatazama buti zake: "Anasema kuna mito mingine, na mshahara ataongeza. Anaomba ruhusa yako nibaki."

"Meyo!" nikamwambia.

Laoban kacheka mpaka kashika kofia. Aneth hakucheka. "Bibi, mimi bado sijamjibu."

Siku ya kurudi, uwanjani, nikamwambia: "Mama, kazi yako nimeiona, amua mwenyewe. Nimejifunza kitu: tulichokinyoosha vibaya kinarekebishika. Ila mimi mzee, kukipinda kijito siwezi. Nikifika naing'oa ile migomba, niihamishie juu."

Akanishika mikono yote miwili.

"Usiing'oe, bibi. Kabla ya masika niko huko nyumbani, na buti zangu."