Hawe Alisema Ndiyo

Nilipokuwa mtoto, kwetu nje kidogo ya Gede, tuliambiwa kwamba mchawi haitikii shikamoo. Ukimwamkia mzee naye akanyamaza, salamu yako haipotei hewani. Hurudi kwako usiku, ikakukaa kifuani, ukaugua. Sisi watoto tuliliamini hilo bila kuuliza. Hata leo nawajua watu wazima waliosoma wanaoliamini, ila husema kwa kunong'ona.

Nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi Wagiriama humwita hawe, alishinda barazani akishona makuti ya kuuza. Uzeeni masikio yake yaliziba. Nyumbani tulijua sote. Mama alimwinamia na kumpazia sauti sikioni kumwambia chakula ki tayari. Mimi nilimvuta leso. Lakini mbele za watu hawe aliona haya kusema hasikii. Kumtaka mtu arudie maneno yake, kwake, kulikuwa kumsumbua. Kwa hiyo yeyote aliyemsemesha alimpa tabasamu na jibu moja: "Ndiyo, mwanangu, ndiyo."

Siku moja Zawadi, mtoto wa jirani, alimwamkia kwa nyuma akienda dukani. Hawe hakugeuka. Usiku Zawadi akashikwa na homa, akaweweseka. Zahanati walisema ni malaria, akapewa dawa, akapona. Lakini neno lilikwisha kutoka, na aliyelibeba nyumba kwa nyumba ni baba mkubwa Katana, mtoto wa kwanza wa hawe mwenyewe. Alikuwa akitaka kuuza kipande cha shamba kilicho kando ya barabara, na hawe, ambaye nyumba yake ilikuwa papo hapo, alikuwa amekataa.

Asubuhi moja wazee waliitwa uani kwetu. Baba mkubwa hakufoka. Aliongea taratibu, sauti chini, kama mtu aliye msibani.

"Mama, sisi tunakuheshimu sana. Hatukuja kukuvunjia heshima. Tunauliza tu, mtoto wa watu ni wewe uliyemloga?"

Hawe aliona midomo ikicheza na nyuso zote zikimtazama. Akatabasamu.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ndiyo."

Mama Zawadi alijiziba kinywa. Mzee mmoja akatema mate pembeni. Mimi nilisimama nikapiga kelele, "Hasikii! Hawe hasikii!"

Mama alinifinya paja hadi machozi yakanitoka. "Kaa chini, Kadzo. Wazee wanaongea."

Nilimtazama baba. Alikuwa akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Kwetu mdogo hamkatizi mkubwa wake, na mke hafungui kinywa mbele ya kaka wa mumewe. Wazee nao walishukuru kwa kikao kilichokwenda kwa utulivu, bila matusi. Wakanywa chai.

Ikaamuliwa hawe aondolewe kabla vijana hawajamjia na mapanga. Alipelekwa mbali, kwenye nyumba wanakohifadhiwa wazee waliotuhumiwa kama yeye. Alivaa leso yake mpya, akapanda gari akiwa na furaha, akatupungia mkono. Alidhani anapelekwa kutazamwa masikio. Kumweleza ukweli kungetaka mtu ampazie sauti sikioni, na hakuna aliyeweza kulipaza neno lile.

Alifia huko. Kwenye mazishi baba mkubwa alipokea pole za watu kwa mikono miwili, na kila mtu alimsifu kwa namna alivyolimaliza jambo la mama yake kwa busara. Shamba liliuzwa kabla ya matanga kusahaulika.

Watu husema uchawi ndio uliomuua hawe, yaani kule kuuamini. Mimi siamini hivyo. Wengi uani pale walikuwa na shaka. Niliziona nyuso zao. Kilichomuua ni adabu yetu: yake, ya kutotaka kusumbua, na ya wale waliojua wakanyamaza ili mtu mmoja mwongo asiaibike mbele za watu.

Mwaka jana mama alikuja kukaa kwangu Muyeye. Jioni moja, tukichambua mchicha, nilimuuliza mbona alinyamaza siku ile.

"Ningesema nini, mwanangu?" akajibu. "Alikuwa shemeji yangu mkubwa."

"Ungesema hasikii, mama. Basi."

Aliuweka mchicha chini, akanitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto wa tumbo lake. Sikumtaka radhi.