Unga Juu ya Ugali wa Tutaona

Najua sijafikisha umri wa kusema "enzi zetu", lakini wenzangu mliokulia Kihesa mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini mtanielewa. Mnakumbuka ukungu wa Juni ulivyotufuata mpaka jikoni, tukigombea ukoko wa ugali, magoti yamepauka kwa baridi. Mbwa walikula kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki kitu.

Mbwa wetu tu, Tutaona, ndiye aliyekuwa na maringo. Babu alimpa jina hilo ili majirani walisikie kila akimwita. Alimlisha mwenyewe saa kumi alasiri, nyuma ya mianzi, na juu ya ugali alinyunyiza kitu ambacho hakumwonyesha mtu. Kisha alisema, "Haya, mgeni wangu, karibu," na hapo ndipo mbwa alipoinamisha kichwa kula.

Babu alipofariki, Tutaona aligoma kula. Siku ya tatu baba mdogo, aliyekuja mazishini kutoka Igawa, alisema, "Mbwa anayekataa chakula cha wenye nyumba anamngojea marehemu. Akimngoja sana, atakuja. Ikifika Jumamosi hajala, namwondoa." Alikuwa ananoa shoka aliposema hivyo.

Nilikuwa na miaka kumi, na tayari nilikuwa na ugonjwa huu nilio nao hadi leo: situlii mpaka jambo liwe sawasawa. Kusoma nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa chumvi dukani, basi nikaanza daftari. Jumatatu: dagaa waliotwangwa, kanusa, kaondoka. Jumanne: maziwa ya mgando, karamba ukingo wa bakuli, kaacha. Jumatano: mchuzi wa mifupa; hakuinuka. Alhamisi mbavu zake zilihesabika. Herufi ikipinda nilichana ukurasa nikaandika upya, kama vile mbwa angekufa kwa sababu ya mwandiko wangu.

"Mke mwenzangu," bibi alinitania, maana babu alizoea kuniita mkewe, "mbwa unamwandikia barua? Mume wetu hakujua hata kusoma, na alimlisha." Akacheka, halafu akaacha ghafla, akatazama mianzi.

Ijumaa asubuhi alinichukua kaburini. Aliongea na babu kwa Kihehe, polepole, akaacha bakuli dogo jeupe lenye unga wa ulezi juu ya udongo. "Mwalimu wa dini asijue," akaninong'oneza. Alasiri nikarudi peke yangu. Sijitetei: nilihisi huo ndio ule wa siri wa babu, nikauiba wote, umelowa ukungu, nikaenda kunyunyiza kiasi juu ya ugali nyuma ya mianzi.

Tutaona alisimama, masikio juu. Hakutazama chakula, wala mimi. Alitazama nyuma ya bega langu, juu kidogo, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Akangoja. Hakuna jani lililotikisika. Mimi sikusikia neno. Yeye alisikia, maana mkia ulianza kucheza, kisha akainama akala mpaka akawa analisukuma bakuli kwa pua. Sikugeuka.

Jumamosi baba mdogo alimkuta mbwa anakula ugali wenye unga niliobakiza. Alisimama kidogo, akalifunga shoka kwenye gunia, akapanda lori kurudi Igawa. Bibi naye alilikuta bakuli jeupe tupu kaburini, akakaa chini akalia. "Amepokea," alisema. "Hajatukasirikia." Tangu hapo aliweka unga kila siku, nami niliuiba kila siku. Ningeacha, mbwa angekufa. Ningesema, bibi angevunjika moyo. Tutaona aliishi miaka mitano zaidi. Bibi alimfuata upesi, mwaka jana, akiamini mumewe anakula. Hili hata padre sijamwambia.

Sasa nimeolewa Mbeya. Watoto wa siku hizi ukoko hawautaki, wanataka mkate na siagi, na mbwa wao hula hata karatasi iliyofungiwa mkate. Mbwa wangu anakula ugali mkavu bila shida. Siku nyingine, saa kumi alasiri, namnyunyizia unga wa ulezi juu, kwa kipimo kilekile, nyuma ya nyumba. Hula papo hapo, hamngoji mtu. Mimi ndiye ninayebaki nimesimama nikingoja, na mpaka leo sijathubutu kugeuka.