Trekta Lililowashwa kwa Baruti

Vijana wa gereji hunisumbua niwaambie ni injini gani ya dizeli iliyokuwa bora zamani. Huwajibu kwamba inategemea unataka kufa vipi. Hucheka, wakidhani ni utani wa uzee.

Nilianza na lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini Embu aliyenunua viazi Kianjokoma. Injini yake ilikuwa na silinda sita na ilitaka kubembelezwa. Asubuhi za baridi kule juu oili iliganda, ikabidi niiwekee karai la makaa chini ya tumbo, huku mwenye lori akinitazama kama mimi ndiye niliyeleta baridi. Ikishapata joto, ilipanda mlima na mzigo wake bila kunung'unika. Ikionja dizeli chafu, ilizima hapo hapo. Niliipenda sana, sitaficha.

Serikali ya wakoloni ikatangaza hali ya hatari ili kuwasaka wapiganaji wa msituni, barabara za mlimani zikafungwa, na viazi vikaozea huko huko. Nikapata kazi ya kuendesha trekta kwa kontrakta wa barabara karibu na Gachoka. Hilo lilikuwa na silinda moja tu, pana kama sufuria ya arusi. Lilikunywa dizeli yoyote, hata yenye mchanga, na likinguruma liliruka-ruka mpaka meno yakaniuma. Kuliwasha kwa hendeli kulihitaji wanaume wawili na dua. Njia nyepesi ilikuwa fataki ya baruti, sura yake ile ile ya risasi ya bunduki ya kuwindia ndege. Unaitia kwenye tundu la injini, unaigonga kwa nyundo, inalipuka, na kazi inaanza.

Sheria ya siku hizo ilikuwa fupi: ukipatikana na risasi, unanyongwa. Mimi, mtu mwenye akili timamu na mke niliyemwoa miezi minne tu kabla ya hapo, nikatembea na fataki mfukoni mwa shati ili isipate unyevu. Asubuhi moja, nikienda kazini, homugadi, wale askari wa vijijini wa serikali, waliolinda kizuizi cha barabarani, wakaipata.

"Hii nini?" afisa wao Mzungu aliuliza.

"Ni ya trekta, bwana."

"Trekta gani nakula risasi?"

"Yetu, bwana."

Jibu hilo halikunisaidia. Nilifungwa pingu moja na mzee Mmbeere aliyekamatwa kabla yangu. Yeye alikuwa na risasi moja ya kweli, aliyoiokota akichunga mbuzi. Afisa aliitia mfukoni mwake, akasema twende wote tukalione hilo trekta.

Garini mzee aliniuliza, "Mwanangu, hiyo trekta itakubali?"

"Siku zingine inakubali, mzee. Mara nyingi inataka fataki mbili."

"Na uko nayo ngapi?"

"Moja."



Tulipofika walinifungua, wakanirudishia fataki. Ikanidondoka, nikaiokota mchangani na kuipangusa kwa shati. Nikamtaja Mungu, nikagonga. Mlipuko ulipolia homugadi wote walilala kifudifudi, na afisa akajikuta nyuma ya gurudumu. Moshi mweusi ukatoka, kisha trekta likaanza kuruka-ruka mahali pake. Nililia mbele yao wote, na sikuona haya.

Afisa alijipangusa magoti, akaniamuru niendelee na kazi. Kisha akaitoa ile risasi nyingine mfukoni, akamgeukia mzee.

"Na wewe? Trekta yako iko wapi?"

Mzee alisema yeye ana mbuzi tu.

Wakampandisha garini. Gari lilipoanza kuondoka aliinama nje, akanitazama na kuniambia kitu, maneno mengi kidogo. Sikusikia hata moja. Injini ilikuwa ikinguruma, nami niliogopa kuizima.