Mihogo mu étang yangu ya samaki

Leo mama mukwe amenimaliza, jamani!

Nilikuwa ku formation ya kufuga samaki siku tatu. Mwalimu akatuonyesha namna watu wanafuga samaki mu bahari, ndani ya nyavu, juu dunia isikose chakula.

Nikanyoosha mukono na kiburi yote: «Huku kwetu Nyabiondo hatuna bahari, lakini mimi niko na étang, bwawa ya samaki. Mukuje muone!»

Wakakuja wote na motari, juu ya pikipiki.

Samaki zote zinaelea, tumbo juu. Mama mukwe alilowesha mihogo ya uchungu mule mule!

«Mama, sumu ya mihogo imeua samaki!»

«Maji ilikuwa inalala bure. Tena samaki ni mboga tu, ya kulia fufu. Mihogo njo chakula.»



Nyinyi mungejibu nini?

Sasa hivi amenipakulia chakula. Fufu ya mihogo, bila mboga.